Kauli ya Mlangoni

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hanyamazi. Nasema hivyo mapema ili usishangae nikipita njia ndefu kumfikia mtu ambaye mambo yake yote huyamaliza kwa sentensi moja. Mtu mwenyewe ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, mpishi mkuu wa hospitali. Jikoni kwake wanamwita Neno Moja. Mimi namwita wifi, na nikitaka kumchokoza namwita Bibi Masufuria. Yeye nikimchokoza hanijibu, ananisogezea bakuli la vitunguu nimenye.

Kaka alipomwoa, miaka ishirini na sita iliyopita, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu na kichwa kimenivimba. Watu walipouliza kaka yako ameoa nani, nilijibu "mpishi tu", kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mara moja alinisikia, maana nilipogeuka nilimkuta nyuma yangu na sinia mkononi. Wakati wa kula akanipakulia mimi kwanza, akaniwekea na ukoko, ambao nyumba nzima ile hugombania. Niliula huku nimeinamisha uso. Mpaka leo sijui kama ilikuwa adhabu au upendo, na nimeshaacha kuuliza.

Shule aliiacha darasa la tatu. Mama yake aliugua, na nyuma yake kulikuwa na wadogo watano wanaotaka kula, basi akachukua mwiko. Hospitalini aliingia kama mwosha vyombo. Kutoka karo la kuoshea hadi jiko kubwa ni hatua kumi na nne, nimezihesabu mwenyewe, lakini yeye zilimchukua miaka kumi na moja. Siku hizi anapika kwa ajili ya wagonjwa mia na themanini, mara tatu kwa siku, na hakuna sufuria inayotoka jikoni kabla hajaonja au hajabonyeza.

Kusoma alijifunza sawasawa akiwa na miaka thelathini na nane. Kila wodi hutuma jikoni kadi za mlo, kadi ndogo zinazosema mgonjwa wa kitanda fulani asipewe chumvi, yule alainishiwe, huyu asile mpaka jioni. Wifi alikuwa akisomewa kadi hizo na yeyote aliye karibu. Siku moja akasema hapendi uzima wa mtu ukae kwenye macho ya mwingine aliyechoka, akaenda kujiandikisha darasa la watu wazima. Darasa lilifanyika kwenye chumba cha chanjo, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Kaka alikuwa akimcheka. Baada ya mwaka mmoja wifi akamsomea kaka karatasi ya dawa zake mwenyewe, akamwonyesha kwamba alikuwa anazimeza kinyume. Kicheko kikaisha.

Sasa niseme hilo jina la Neno Moja lilitoka wapi, kwa sababu bila hilo habari yangu haina miguu.

Jiko lile lina kelele. Mvuke unapiga mluzi, feni ya moshi inanguruma, mifuniko inagongana. Zamu ya asubuhi huikabidhi kazi zamu ya mchana saa nane. Zamani, wanaotoka walikuwa wanasimulia kila kitu: gesi imeletwa, kisu kikubwa kimevunjika mpini, mchele wa leo una mawe, muuguzi wa wodi ya wazazi ana maringo. Wanaoingia wanafunga aproni, wanaitikia "ehee, ehee", na hawasikii. Siku moja, katikati ya porojo hizo, mtu alisema kwamba wodi ya figo imebadilishiwa mlo, chumvi marufuku. Neno hilo likapotelea hukohuko baina ya kisu na mawe ya mchele. Mchuzi ukapelekwa na chumvi yake, na mzee mmoja akavimba miguu siku mbili. Alipona. Lakini wifi, ambaye wakati huo ndiyo alikuwa amekabidhiwa jiko, alikwenda kumwomba radhi kitandani, akarudi na sheria.

Sheria yenyewe ni hii. Anayetoka anasimama mlangoni, aproni imeshavuliwa, anasema sentensi moja. Moja tu. Ile ambayo ikisahaulika mtu ataumia au chakula kitaharibika. Mengine yote wanaoingia watayaona wenyewe, wana macho. Anayeingia lazima airudie sentensi ile neno kwa neno, ndipo anayetoka aruhusiwe kwenda nyumbani. Wakaiita kauli ya mlangoni. Niliishuhudia mara nyingi nilipokwenda kumpitia wifi. "Uji wa wodi ya watoto hauna maziwa." "Uji wa wodi ya watoto hauna maziwa." Basi, mtu anaondoka. Mimi, na elimu yangu, nilidhani ni adabu ya jikoni tu.

Halafu ikaja barua. Ofisi inayosimamia majiko ya hospitali ilitaka kila mpishi mkuu afanye mtihani wa kuandika. Maswali kumi, kufaulu ni saba. Atakayeshindwa atabaki mpishi wa kawaida, na jiko atapewa mtu mwenye cheti. Wifi aliisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa aproni pamoja na kipande chake cha penseli. Nilimwuliza kama ana hofu. Alisema anayo. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo, si kwa uzazi wala kwa msiba.

Maswali mengine hayakunitia wasiwasi. Usafi, joto la kuhifadhia nyama, kupima unga: hayo angemfundisha aliyeyatunga. Taabu ilikuwa ufahamu. Barua ilisema watapewa aya inayohusu chakula, waisome na kuandika wazo kuu. Nikapiga kifua. Ufahamu ndio somo langu. Ukutani darasani kwangu kuna chati niliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: WAZO KUU HUKAA SENTENSI YA KWANZA. Imekaa pale miaka ishirini na mbili, na watoto wangu wanafaulu.

Basi kila Jumamosi mchana nilikwenda kwake na vitabu. Tulikaa kwenye meza ya jikoni, kaka akifukuziwa sebuleni, na mimi nikigundua kwamba kumfundisha mpishi aya ya chakula ni sawa na kumsomea fundi nguo habari ya suruali. Nilimpa aya ya kupika wali. Akaisoma yote, akaweka kidole, akasema maji hayo ni mengi, huo utakuwa uji. Nikamwambia hatujaulizwa maji. Nikampa aya ya supu ya mboga. Akasema aliyeandika hii hajawahi kupika karoti maishani mwake, ameitia mwisho. Nikamwambia wifi, wazo kuu. Akasema wazo kuu ni kwamba karoti haitaiva.

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikakasirika kweli. Nikamwonyesha kanuni yangu: angalia sentensi ya kwanza, inakili, umemaliza. Akaitazama ile sentensi ya kwanza kwa muda, kama anayetazama samaki wa muuzaji asiyemwamini.

"Wifi," akasema, "sentensi ya kwanza watu wanakuwa bado wanafunga aproni."

Nilidhani ni mzaha. Nikamjibu kwamba kwenye mtihani hakuna aproni, kuna karatasi, na karatasi inasahihishwa na watu waliosoma vitabu kama vyangu. Sauti yangu ilikuwa ileile ya "mpishi tu". Akanisogezea vitunguu.

Siku ya mtihani alivaa gauni lake la harusi za watu, akachonga penseli mbili. Wapishi wakuu walikuwa kumi na mmoja, kutoka hospitali mbalimbali. Wiki tatu baadaye karatasi zikarudishwa. Nilipitia kwao nikitoka shule, nikamkuta amekaa mezani, karatasi imelala mbele yake, na kaka amesimama nyuma ya kiti chake hajui aweke wapi mikono.

Sita. Alikuwa amepata sita.

Nikaipokonya karatasi ile. Usafi, vema. Nyama, vema. Vipimo vyote, vema. Hesabu za migao zilikuwa zimempokonya mbili, na uhifadhi wa mafuta moja. Chini kabisa, kwenye aya, alama nyekundu ya kukosa. Swali: andika wazo kuu kwa sentensi moja. Aya inaanza, "Maharage ni chakula kinachopendwa na wengi." Na wifi yangu, kwa mwandiko wake wa kupanda mlima, ameandika: "Usimpe mgonjwa maharage ambayo hayajaiva." Pembeni msahihishaji ameandika jibu lake: maharage ni chakula kinachopendwa na wengi.

Uchungu ukanipanda. Alama moja! Jiko la miaka yote hiyo linaondoka kwa alama moja, na alama yenyewe niliiweka mkononi mwake kila Jumamosi.

"Nilikwambia," nikasema. "Sentensi ya kwanza. Nilikwambia mpaka nikakauka koo."

Kaka aliniangalia vibaya. Wifi hakukasirika. Aliigeuza karatasi ikanielekea vizuri.

"Umeisoma?"

"Nini?"

"Aya, wifi. Umeisoma yote?"

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimesoma sentensi ya kwanza na alama nyekundu. Nikavaa miwani, nikaisoma kwa sauti, nami nitaiandika hapa ilivyokuwa, maana uso wangu ulikauka nikiwa katikati yake.

Maharage ni chakula kinachopendwa na wengi. Hujenga mwili na hayaharibiki upesi ghalani. Lakini maharage yasiyoiva sawasawa huumiza tumbo, na tumbo la mgonjwa huumia zaidi. Kwa hiyo yalowekwe tangu jana yake, maji ya kuloweka yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali hadi yabonyee kwa vidole viwili. Mpishi asiyapakue kwa sababu saa imefika. Ayapakue kwa sababu yameiva.

Niliirudia kimoyomoyo. Sentensi sita, na nne kati yake zilikuwa zinasukuma jambo moja, jambo lilelile aliloliandika yeye. Ile ya kwanza ilikuwa imesimama pale kama mgeni anayebisha hodi. Nikawaza chati yangu ukutani. Nikawaza watoto wa miaka ishirini na mbili niliowapa alama kwa kunakili mstari wa juu, na wale wawili watatu walioandika kitu kingine nikawakata, bila kuwauliza walikiona wapi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kutoka nje.

"Uliliona vipi?" nikamwuliza.

Akashangaa kwamba nauliza. Akasema alipomaliza kusoma alijifanya anavua aproni. Akajiuliza, ningekuwa natoka zamu na aya hii ndiyo jiko langu, ningesema nini mlangoni. Haikuchukua muda. Hakuna mtu atakayesimama mlangoni kuwaambia wenzake kwamba maharage yanapendwa.

Hapo aibu ikageuka hasira, na hasira yangu ina miguu mirefu. Nikataka kuandika barua kwa ofisi, na kwa wakubwa wa ofisi. Kabla chai haijamiminwa kwenye vikombe nilikuwa na kurasa tatu kichwani. Wifi akasema barua wataifungua mwezi ujao, kesho tunakwenda.

Afisa lishe aliyesimamia mtihani alikuwa mtu mpole, mwenye meza iliyozidiwa na mafaili na kikombe kilichoshikilia dirisha lisijifunge. Alitukaribisha vizuri. Mimi nikaanza. Nilianza na cheti changu, nikapitia umuhimu wa ufahamu katika elimu, nikagusa historia ya kaka yangu kuoa, na nilipokuwa naelekea kwenye aya nikaona macho yake yamerudi kwenye mafaili. "Ehee," akasema. "Ehee." Nikaijua sauti ile. Alikuwa anafunga aproni.

Wifi akanigusa mkono. Akasimama, akachukua mkoba wake, akamshukuru kwa muda wake, akatembea hadi mlangoni. Nilidhani amekata tamaa. Pale mlangoni akageuka.

"Afisa, mpishi atakayefuata jibu lako, wagonjwa wake watakula maharage mabichi yanayopendwa na wengi."

Akasimama, anangoja. Hakungoja msamaha wala huruma. Alikuwa anangoja irudiwe, kama anavyongoja kila siku saa nane. Lakini yule bwana hakuijua sheria. Alimtazama, akaivuta karatasi, akaisoma aya kutoka juu mpaka chini. Akaisoma mara ya pili kwa kidole, kidole kilekile cha darasa la chumba cha chanjo, sasa kwenye mkono wa msomi. Akavua miwani.

"Majibu niliyapanga mimi," akasema polepole. "Aya niliitoa kwenye kitabu. Nilitazama mstari wa juu."

Nilitamani kumwambia kwamba hayuko peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza.

Akafungua kabati, akatoa karatasi nyingine kumi, akazipitia moja baada ya moja. Wapishi wakuu wote kumi, wenye vyeti na wasio navyo, walikuwa wamenakili sentensi ya kwanza. Wifi peke yake ndiye aliyesoma mpaka kwenye sufuria. Afisa akaifuta ile alama nyekundu, akaandika saba, akatia sahihi pembeni. Akasema wenzake hatawapunguzia kitu, kosa ni lake si lao. Wifi akasema hiyo ni haki. Kisha afisa akauliza, kwa unyenyekevu ambao sikuutarajia, alifundishwa wapi kusoma hivyo. Nilijiandaa kuinamisha kichwa. Wifi akaninyooshea kidole mimi, mbele yake, bila hata kupepesa.

Tulipotoka nje nilimwambia ni mwongo mkubwa. Akasema Jumamosi zile zote nani alimkalisha kitako na vitabu. Machozi yakanitoka barabarani, mtu mzima na mkoba wangu wa ualimu, na yeye akanipa kitambaa kinachonuka vitunguu.

Tukafika jikoni saa nane kasoro kidogo. Watu wa zamu mbili walikuwa wamejaa mlangoni, wanaotoka hawajatoka na wanaoingia hawajaingia, na ilikuwa wazi hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya maana kwa nusu saa. Wote walijua tulikotoka. Mtu alizima feni ya moshi. Sikuwa nimewahi kulisikia jiko lile likiwa kimya, ni kubwa kuliko nilivyodhani. Wifi akavaa aproni juu ya gauni, akaenda akaonja mchuzi wa mchana, akabonyeza ndizi, akasoma kadi za wodi zote. Akavua aproni, akaja akasimama mlangoni.

"Maharage ya kesho yalowekwe sasa hivi."

Mpishi wa zamu ya mchana, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mbali, akafungua kinywa, akakifunga. Akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia, wakingoja matokeo. Neno Moja alikuwa ameshasema lake, na sheria haimruhusu la pili. Alikuwa amesimama pale na mkoba begani, anangoja kauli yake irudiwe ili aende nyumbani akapumzike.

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na afisa na kabati na karatasi kumi, na kidole, na kitambaa, na chati yangu ukutani ambayo Jumatatu ningeichana kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya darasa zima. Yote yalinijaa mdomoni. Nikasogea mlangoni kando ya wifi yangu, nikayameza.

"Amefaulu," nikasema.

Yule mama akaitazama sakafu kidogo, kisha akanyanyua uso.

"Amefaulu," akasema. Mwosha vyombo akairudia kutoka kwenye karo. Mkata mboga akairudia. Ikapita hatua zile kumi na nne, mdomo kwa mdomo, mpaka jiko kubwa, kila mtu kwa sauti yake na hakuna aliyeongeza neno. Wifi akazisikiliza zote mpaka ya mwisho.

"Na maharage?" akauliza.

"Maharage ya kesho yalowekwe sasa hivi," wakajibu pamoja, na mtu akaenda kuchukua beseni.